Roboti Haimwagi Damu

Shemeji yangu Njau ana duka la hardware Ruiru na mdomo usio na breki. Aliposikia kwamba kaka yake Ephantus, ambaye ni mume wangu, atafanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume kwa roboti, aliingia kwenye WhatsApp ya familia kabla mimi sijapata nguvu ya kuandika neno.

"Watu wetu, relax," akasema. "Hii ni roboti. Haikati kama mtu wa bucha. Haimwagi damu. Hakuna haja watu wajipange ati wanaenda kutolewa damu."

Watu wakamshukuru Mungu. Waliokuwa wameahidi kutoa damu wakarudi kwa shughuli zao, na mimi, Idah ninayejiona mjanja, nikaweka kidole gumba juu. Nilitaka sana iwe kweli.

Na nilijua si kweli, maana nilikuwa nimekaa mbele ya Daktari Syombua nikisikia mengine kabisa. Ephantus alikuwa fundi wa mitambo kiwandani Thika kwa miaka ishirini na minane, na mashine yoyote huihoji kama polisi.

"Daktari, hiyo roboti ikiamua kukata kwingine?"

"Haiamui kitu, mzee. Mimi ndiye nakaa hapo kando, nashika vishikio, naona ndani yako kwa kioo. Nikiachilia, inasimama. Haina akili yake."

"Na wewe umefanya wangapi?"

Nikamkanyaga mguu. Daktari akasema hilo ndilo swali wagonjwa huogopa kuuliza, na ndilo la maana. Alikuwa amefanya mia moja na ishirini na kitu. Akatueleza juu ya matundu madogo sita tumboni, gesi ya kuinua tumbo, kulazwa kichwa kikiwa chini, na mpira wa mkojo kwa wiki moja hivi. Akasema mkojo unaweza kuvuja kwa miezi, na mambo ya chumbani yanaweza kulala muda mrefu, pengine yasiamke kama zamani. Ephantus akatazama dari. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Na damu?" nikauliza.

"Hutoka kidogo kuliko tukifungua tumbo. Lakini kidogo si sufuri, mama. Mshipa ukipasuka, natoa mikono ya roboti na kufungua kwa kisu. Hapo nataka damu iwe tayari, sio watu waanze kutafutana kwa simu. Mzee ni O negative. Hiyo ni adimu, na yeye hapokei nyingine. Nataka mifuko miwili."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Halafu Njau akasema roboti haimwagi damu, nikamwamini Njau.

Jumanne alasiri muuguzi akanipigia simu. "Mama Eddie, tumepata mfuko mmoja tu. Wa pili lazima mtu autoe kesho kabla ya saa kumi, ndio damu ipimwe Alhamisi. La sivyo Ijumaa hatuingii, na nafasi nyingine ya hiyo mashine ni baada ya wiki saba."

Wiki saba. Daktari alikuwa amesema uvimbe bado haujatoka nje ya tezi, lakini ni wa ile aina yenye haraka. Nilichungulia sebuleni. Ephantus alikuwa anapanga begi la hospitali, anakunja soksi moja moja. Sikumwambia. Niliogopa sura yake.

Mimi na kijana wetu Eddie tulikuwa tumepimwa zamani, ni O positive. Niliwapigia watu wa kanisa, nikagonga milango ya majirani hapa Ngoingwa. Wengi hawakujua hata damu yao ni ya kundi gani. Mtu mmoja tu nilimjua kwa hakika. Mwaka wa 2009 Njau aligongwa na lori, na Ephantus akamtolea damu. Ndivyo tulivyojua ndugu hao wawili ni O negative.

Nilimpigia Njau mara kumi na moja. Meseji alizisoma. Hakujibu hata moja.

Jumatano asubuhi hasira ikanipanda, na mimi nikikasirika sina adabu. Nikabonyeza simu, nikaongea kwenye kundi la familia:

"Njau, nakuuliza mbele ya watu wote. Ulipokuwa unakufa, Ephantus alikutolea damu. Leo ni zamu yako na unajificha. Ni sindano unaogopa, ama una roho ya fisi? Hiyo damu unatembea nayo ni ya nani?"

Watu thelathini na wanne waliisikiliza. Ephantus hayumo kwenye kundi, simu yake ni ya vibonyezo tu. Sikungoja wajibu. Nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda Ruiru.

Nilimkuta akipima misumari. Aliponiona alimwambia mteja arudi baadaye, akanipeleka stoo nyuma, katikati ya simiti na rangi. Nilianza kupiga kelele hata kabla ya kuingia. Njau alifunga mlango. Aliingiza mkono nyuma ya mtungi wa tapentaini, akatoa kichupa cheupe, akakitikisa. Tembe zikalia.

"Mama Eddie, punguza sauti. Niko kwa dawa. Mwaka wa sita huu."

Nilizijua tembe zile. Marehemu dada yangu alizitumia kwa Ukimwi, ila alichelewa kuzianza.

"Virusi sasa havionekani hata wakipima," Njau akasema. "Niko poa, nitazeeka. Lakini damu siwezi kumpa mtu. Sasa family yote ikiitwa kutoa damu, wa kwanza kuulizwa si ni mimi? Ndio nikasema hiyo maneno ya roboti. Nilidhani hospitali haiwezi kosa damu."

"Becky anajua?" Becky ni mke wake.

"Becky anajua. Watoto hawajui."

Nikakaa juu ya mfuko wa simiti. Niliona aibu ya kutaka kufunikwa, na bado nilikuwa na hasira naye, kwa sababu ilikuwa saa sita na nusu na mume wangu hakuwa na damu.

"Si ungeniambia, Baba Lynn?"

"Ningekuambia saa ngapi? Umeshanianika kwa group."

Simu zetu zililia pamoja. Binamu yao Jackie alikuwa ameandika: *Aibu kwako Njau.* Mwingine akaandika Amina. Njau akazisoma zote, akaweka kidole kwenye alama ya kurekodi. Nikamshika mkono.

"Usiseme. Naifuta yangu sasa hivi."

"Utafuta nini na washasikia?" Akautoa mkono wangu polepole. "Watu wetu, ni Njau. Maneno ya roboti nilidanganya. Damu inatakikana, O negative, leo kabla saa kumi. Mimi siwezi kutoa kwa sababu niko na virusi na niko kwa dawa. Mtu hajui damu yake, akuje apimwe. Lynn, najua unasikia hii. Nisamehe sikukuambia kwa macho."

Alipoachilia kidole alichukua funguo, akafunga duka.

Tulienda hospitali pamoja. Saa nane wakaja binamu watatu, Jackie akiwa mbele na macho chini. Walipimwa, hakuna aliyefaa. Saa tisa akaja mzee wa kanisa, akaambiwa umri umepita. Saa tisa na nusu hakuja mtu. Muuguzi alikuwa akitazama saa ya ukutani. Nilianza kupanga maneno nitakayomwambia Ephantus, nikashindwa kuvuka neno la kwanza.

Saa kumi kasoro robo Lynn akaingia mbio. Ni binti mkubwa wa Njau, anasoma chuo Juja, na mimi huniita Tata, yaani shangazi. Macho yalikuwa mekundu.

"Tata, mimi ni O negative. Walikuja campus kutafuta damu wakanipima." Alipumua. "Ningekuja tangu last week. Baba alisema haihitajiki."

Njau alikuwa amesimama ukutani, hatua tatu kutoka kwake. Hakumtazama.

Niliingia na Lynn chumba cha kutolea damu, nikakaa kwenye kiti pekee kilichokuwa kando ya kitanda. Muuguzi akampima uzito, akamdunga kidole, akamuuliza maswali yake marefu. Lynn alijibu vizuri mpaka alipoiona ile sindano yenyewe. Uso ukamkauka.

"Tata, naogopa."

Nilinyoosha mkono. Hakuushika. Alikuwa anatazama mlangoni, nyuma yangu.

"Baba," akasema, "si ukuje unishike."

Njau akanitazama mimi, kana kwamba ninaweza kumkataza. Nikainuka, nikamwachia kiti.

Ijumaa walimwingiza Ephantus saa mbili asubuhi. Mpaka anasukumwa alikuwa bado anauliza ni nani huifanyia ile mashine sevisi. Saa saba kasoro Daktari Syombua akatoka, alama za barakoa zikiwa bado mashavuni.

"Tezi imetoka yote. Tutangoja majibu ya maabara kujua kama kuna iliyobaki pembeni, lakini kwa macho yangu nimeridhika."

"Na damu?"

"Amepoteza kama nusu kikombe. Ile mifuko hatukuigusa. Akiendelea hivi, mwingine atapewa, labda mama anayejifungua."

Nilimshukuru mpaka akanishika mabega ninyamaze. Halafu nikaenda mwisho wa korido, nikampigia Njau. Hakuwa amekuja. Alikuwa hana hakika tunamtaka.

"Ametoka salama," nikasema. "Damu ya Lynn haikutumika."

"Haikutumika?"

"Hata tone."

Nilisikia mtu dukani akiuliza bei ya bawaba na Njau asimjibu. Nilijua anachofikiria, kwa sababu mimi pia nilikuwa nakifikiria: siri ya miaka sita, watu thelathini na wanne, na mfuko uliokaa kwenye friji. Kilio kikanitoka hapo hapo koridoni. Nikamwambia anisamehe. Anisamehe kwa kumwita fisi, anisamehe kwa kumuuliza damu yake ni ya nani. Akaniacha nilie mpaka nikaishiwa.

"Mama Eddie," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imelowa machozi. "Si nilikuambia roboti haimwagi damu."