Stuli ya Mtu Mmoja

Mama mkwe wangu ni katibu wa chama cha wafanyakazi pale kazini kwetu, na hilo peke yake linatosha kumfanya mwanaume atafute kazi nyingine. Mimi sikutafuta. Kampuni yetu inafua mashuka ya hoteli na hospitali: mimi nakunja, mke wangu anapiga pasi foronya, na mama yake anasimamia mashine za kukaushia, huku akitusimamia na sisi. Nyumbani ananiita mkwe. Kazini ananiita ndugu mwanachama, mbele za watu, bila kutabasamu.

Chama chenyewe nilikuwa nakiita Chama cha Fulana. Kila mwaka kinatugawia fulana, zote saizi moja, ambazo wembamba wanapotea ndani yake na wanene wanazifanya matambara ya jikoni. Ukiacha fulana, kilichoonekana kwa macho ni stuli. Zamani, kabla sijaajiriwa, mama na wenzake walikomaa na uongozi mpaka wapiga pasi wakapewa stuli za kukalia. Basi. Wakati wa chai nilikuwa nasema zama za vyama zimepita, mtu mwenye akili anajitetea mwenyewe, na stuli zipo tu, uwe mwanachama usiwe. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, nalo ndilo lililonipa wazo. Nikaenda kwa mhasibu kimyakimya, nikamwomba aache kunikata ada. Mhasibu hakushangaa hata kidogo. Ilipaswa nishtuke hapo.

Mke wangu akapata ujauzito. Kufika mwezi wa saba miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii, na presha imepanda. Daktari akasema hana ugomvi na foronya, ugomvi wake ni kusimama: akisimama kutwa, mtoto anaweza kuja kabla hajakomaa. Nikamwambia daktari aondoe wasiwasi, kazini kuna stuli.

Wiki hiyohiyo stuli zikaondolewa. Meneja wetu tunamwita Tafadhali, kwa sababu hajawahi kumfanyia mtu ubaya bila kuanza na neno hilo. Alitueleza kwamba stuli zinaziba njia ya mikokoteni ya nguo, tafadhali tuzoee kusimama, wenzetu kwingine wamezoea. Zikabebwa zikafungiwa stoo.

Watu wote wakamgeukia mama. Siku hiyo sikusikia mtu akitaja fulana. Mama akavua aproni, akaikunja, akapanda ngazi kwenda ofisini. Sisi huku chini tukawa tunaambiana kwamba leo Tafadhali atakiona cha mtema kuni. Mwenye sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi.

Alishuka upesi mno. Akasimama kwenye ngazi ya mwisho, akatueleza taratibu kama anayesoma bei za sabuni. Mkataba unasema chama kinatambuliwa kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Tafadhali amemwita mhasibu, mhasibu amefungua kompyuta, na imeonekana kwamba katika kampuni nzima anayekatwa ada ni mama peke yake.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mimi niliinamia shuka nililokwisha kulikunja, nikalikunja tena. Ilikuja kujulikana kwamba kila mmoja alijitoa kwa hesabu zake nzuri: wenzangu wamo, mimi mmoja nitapunguza nini, stuli zipo tu. Tulikuwa tumefanana akili kuliko watoto wa tumbo moja, ila hakuna aliyemwambia jirani yake. Ada zilikuwa zikienda moja kwa moja makao makuu ya chama, kwa hiyo hata mama hakujua. Na makao makuu walizidi kuleta fulana.

Jioni alipita kwetu, akanitazama usoni, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na wewe, mkwe?"

"Na mimi, mama."

Akasema sawa, akajimiminia maji ya kunywa.

Kesho yake mke wangu alishikwa na kizunguzungu, ikabidi aegemee meza na pasi mkononi. Mama akapanda tena ofisini. Aliporudi alikuwa amebeba stuli moja. Akaipitisha mbele ya wapiga pasi wote waliosimama, akaiweka nyuma ya binti yake.

"Jana niliingia kama katibu, nikaambiwa hakuna katibu," alisema. "Leo nimeomba kama mama. Kaa."

Sijawahi kumwona mama akiomba kitu, hata chumvi. Mke wangu akakaa. Kwenye meza inayofuata yuko mpiga pasi wa siku nyingi, tunamwita Shangazi, ambaye magoti yake yameisha kabisa. Shangazi akamwambia pumzika mwanangu, pumzika na kwa ajili yangu, akaendelea na kazi. Hakuwa na kinyongo. Afadhali angekuwa nacho. Kabla ya saa ya chai mke wangu akainuka, akaisukuma stuli kwa Shangazi ili wapokezane.

Tafadhali alishuka mwenyewe. Akaeleza kwa upole kwamba stuli ilitolewa kwa mtu mmoja, kwa huruma, na huruma ikigawanywa inageuka utaratibu. Kwa hiyo, tafadhali, Shangazi asimame. Shangazi akajivuta akasimama. Mke wangu akaambiwa sasa anaweza kukaa.

Mimi nilitaka akae. Mtoto ni wangu, magoti ya Shangazi si yangu. Ndivyo nilivyofikiri, na sitajifanya nilifikiri vizuri zaidi. Mke wangu akaitazama ile stuli, mkono mmoja uko tumboni.

"Ichukue," akamwambia Tafadhali.

Tafadhali akaibeba akaondoka nayo, akiomba samahani kwa kila aliyempisha. Mke wangu akashika pasi. Sikuweza kuendelea kumtazama. Nikaacha mashuka yangu, nikamfuata mama kwenye mashine zake, nikamwambia niandike upya. Alikuwa anatoa taulo za moto na hakugeuka. Alisema ataniandika, Shangazi ameshaomba, na wengine wakija atawaandika pia.

"Lakini zile stuli, mkwe, zilituchukua miaka mitatu," alisema. "Mtoto wako amebakiza miezi miwili."