Wa Tatu kati ya Wote

Mwanamke aliyeendesha gari la mikate alipachikwa jina la Breki kwa sababu hakupenda kuzikanyaga. Mwenyewe alieleza kwamba ukifunga breki ghafla, mikate yote ya nyuma inarundikana mbele, na wenye maduka wanaikataa. Kwa hiyo alijifunza kupunguza mwendo kwa gia na kujiandaa kwa kona kabla hajaifikia. Mikate yake ilifika madukani bila kubonyea.

Mwaka ambao klabu ya magari ilikubali wanawake waingie kwenye rali, kaka yake, aliyekuwa makenika, ndiye aliyemletea habari.

"Gari lipo," alimwambia. "Lile langu la zamani, nimelifungia injini nyingine. Ila wanataka wanawake wawili. Mmoja aendeshe, mwingine asome ramani."

"Nani atakubali kukaa na mimi?"

Kaka alimtazama mkewe, na Breki naye akamtazama huyo wifi yake, aliyekuwa barazani akipiga pasi gauni la mteja. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa vipimo, na hajawahi kupotea njia. Tatizo lake lilikuwa moja tu: gari likikata kona mbili tatu, anatapika.

"Wifi, usiniangalie hivyo," alisema fundi.

"Wifi yangu, nakuomba."

"Nitatapika."

"Tapika. Ila ramani usiiachie."

Siku ya mashindano mvua ilikuwa imenyesha. Magari ya wanawake yalikuwa matatu, yakawekwa yatoke mwisho, baada ya wanaume wote, wakati barabara imeshachimbwa ikawa uji. La kwanza lilivunjika ekseli, la pili likachemka. Breki na wifi yake wakabaki peke yao.

"Kulia, kali," alisoma fundi. "Daraja jembamba. Subiri." Akainamia mfuko wa plastiki, akajifuta mdomo, akaendelea. "Kushoto, ndefu." Hakukosea.

Kwenye mteremko wa tope waliwakuta wanaume wengi wamesimama kando ya magari yao. Walikuwa wamefunga breki, wakateleza hadi mtaroni. Walipowaona wanawake wanakuja, walipunga mikono na kupiga kelele warudi. Breki alishuka kwa gia ya kwanza, taratibu, kama aliyepakia mikate ya moto, akawapita.

Jioni matokeo yaliandikwa ubaoni: wa tatu kati ya wote. Breki aliyasoma, akayarudia, akamshika wifi yake mkono. Walicheka hadi wakakosa pumzi.

Furaha hiyo haikudumu. Ukumbini mwenyekiti wa klabu alimwita mshindi wa kwanza, akamwita wa pili, kisha akamwita wa tatu mwanamume aliyemaliza nyuma yao. Baadaye akatangaza kwamba kina mama wana zawadi yao, nayo ni cherehani mpya ya kukanyaga.

Breki alisimama. "Mwenyekiti, wa tatu ni sisi."

"Kanuni ni kanuni, mama. Wanawake wanashindana na wanawake."

"Wenzetu walikwama njiani. Sasa sisi tulishindana na nani, na miti?"

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti hakucheka. Breki akaketi, akamnong'oneza wifi yake, "Hatuichukui."

Fundi alikuwa anaitazama cherehani. Ya kwake ilikuwa kuukuu, inakata uzi ovyo, na wateja walikuwa wameanza kumkimbia.

"Wifi, ni mpya kabisa."

"Ukiichukua, umekubali maneno yao."

"Nikiiacha, nitashona na nini?"

Akaenda mbele, akaipokea, akapigiwa makofi. Njia nzima ya kurudi hawakusemezana. Kaka mtu alizungumzia hali ya hewa peke yake hadi nyumbani.

Miezi ikapita. Breki alipeleka mikate yake akipita mbele ya nyumba ya kaka yake bila hata kupiga honi. Ubao ulikuwa umeshafutwa, na kila aliyemsikia akisema alikuwa wa tatu alimtazama kama anayejisifu. Hilo lilimuuma. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba wifi yake, shahidi aliyekuwa naye garini, ndiye aliyenyanyuka kwenda kupokea zawadi ile.

Asubuhi moja fundi alimfuata kwenye lango la kiwanda cha mikate.

"Natoka klabu," alisema. "Nimetuandikisha mashindano yajayo. Ya wote, siyo ya kina mama."

"Wamekubali?"

"Wamesumbua kidogo. Mwenyekiti akasema tukiingia huko, zawadi ya kina mama tuisahau. Nikamwambia cherehani ninayo tayari."

Breki alijikaza, akashindwa, akaangua kicheko kreti ya mikate ikiwa mikononi. Kisha akaiweka chini.

"Lakini uliniangusha, wifi."

"Najua. Ila wanangu wanakula kwa ile cherehani. Ningekuwa na njia nyingine, nisingenyanyuka."

Breki aliipakia kreti garini. "Haya," alisema. "Panda, nikurudishe. Nitaenda polepole."

Mwaka uliofuata walimaliza wa saba. Ukumbini mwenyekiti alisoma matokeo kuanzia juu, na alipowafikia alisita, akakohoa, akawataja. Wakasimama. Makofi yalikuwa ya kawaida tu, sawa na aliyopigiwa wa sita. Breki akaketi, akamgeukia kaka yake na kuanza kumweleza jinsi springi za nyuma zilivyokuwa zikigonga kwenye mashimo.