Koti Lisilo na Mikono

Siku mke wa Fundi alipofariki, koti jeupe lilikuwa bado juu ya cherehani, kama alivyoliacha siku kumi na moja kabla, alipopelekwa hospitali. Kola tayari, mifuko tayari, mikono bado. Katika kibanda chao cha ushonaji Fundi alikata na mkewe alishona, na mikono ya nguo haikuguswa na mtu mwingine.

"Wewe kata tu," mkewe alikuwa akimwambia. "Mkono ukikaa vibaya, nguo nzima inaona aibu."

Koti lilikuwa la binti yao, Kifungo, aliyeitwa hivyo kwa sababu utotoni alitambaa chini ya meza akiokota vifungo na kuvitia mdomoni. Alikuwa ameomba kusomea udaktari nje ya nchi, na mama hakutaka kusubiri majibu ndipo aanze kushona.

Miezi saba koti likaning'inia msumarini.

Kisha, Jumanne moja, Kifungo akaingia mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Baba! Wamenikubali!"

"Nani?"

"Wote wawili! Vyuo vyote viwili!"

Mkasi ukamponyoka Fundi. Mama Pasi, jirani apigaye nguo pasi kibanda cha pili, alizisikia kelele akaja na pasi yake ya mkaa. "Shemeji, kuna moto?"

"Moto unao wewe!"

Jibu lilitakiwa Ijumaa saa sita mchana. Chuo cha kwanza kilikuwa mbali, nchi ya theluji: jina kubwa, mwaka mzima wa kujifunza lugha yao, na wagonjwa kuanzia mwaka wa nne. Cha pili kilikuwa nchi jirani, kidogo, lakini mwanafunzi huingia wodini tangu muhula wa kwanza. Cheti cha popote kingetambuliwa nyumbani. Hilo Kifungo alishaliuliza.

"Nenda kwenye theluji, urudi na mashavu," alisema Mama Pasi. "Jina la chuo ni nusu ya dawa."

"Na nusu nyingine?"

"Sindano. Usiniulize mimi, mimi ni wa pasi."

Fundi alishika chaki. "Mimi niambie mikono ikoje."

Kule kwenye theluji, mirefu. Nchi jirani, mifupi, juu ya kiwiko, ili daktari anawe hadi kiwiko kabla ya kumgusa mgonjwa. Mama alikuwa amebakiza kipande kimoja cha kitambaa.

"Mrefu unapunguzika, mama," Fundi alimwambia bintiye. "Mfupi hauongezeki."

Alhamisi Kifungo aliwapigia simu wanafunzi wawili wa kigeni, mmoja wa kila chuo, akawauliza swali moja: leo umefanya nini? Wa kwanza alieleza nusu saa kuhusu darubini mpya, Kifungo akawa hatulii kitini. Wa pili alikuwa na haraka.

"Leo nimetumwa nikae na bibi mmoja, nimuulize jina lake na anaumwa wapi. Saa nzima, dada! Anajua kuongea yule! Haya, naitwa wodini."

Kifungo aliweka simu mezani.

"Siku zote zile hospitalini, Mama walimwita kitanda namba tisa," alisema.

"Nakumbuka."

"Mfupi, Baba."

"Una hakika? Nikikata, nimekata."

"Kata! Kata kabla sijalia!" Naye alikuwa akicheka.

Alikata. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, akaketi kwenye kiti cha mkewe. Mkono wa kushoto akaupachika kulia. Mama Pasi aliegemea mlango kwa kicheko. "Shemeji, daktari huyu atawapima wagonjwa kinyumenyume!" Fundi akafumua. Mara ya tatu ukakaa.

Ijumaa saa nne asubuhi, Kifungo alituma jibu akiwa amelivaa koti. Mkono wa kulia ulikuwa umepanda kidogo. Fundi alitaka kuurekebisha, binti akakataa.

Aliondoka mwezi wa tisa. Sasa Fundi hukata nguo asubuhi, na baada ya chakula cha mchana huhamia kiti cha mkewe na kushona mikono.