Kilio Kilichotunukiwa

Jumapili ile saa kumi alasiri, Ciakuthii aliketi kwenye benchi la nyuma katika hoteli ya Mutegi, pale sokoni Ishiara, akichambua ndengu kwenye ungo huku akitazama tuzo za televisheni. Mumewe, Mbae, alikuwa kando yake na kikombe cha chai. Hoteli ilijaa, na kila matokeo yalipotangazwa watu walitoa maoni. Ciakuthii alikuwa na yake pia. Msomaji wa habari alishinda kwa haki, alisema, kwa sababu hutamka majina ya kwao Mbeere bila kuyavunja. Mchekeshaji bora hakustahili; alimfanyia mzaha mtu mwenye njaa, na njaa si mzaha.

Kisha wakafikia mwigizaji bora wa kike. Aliyeshinda alikuwa Cicily, msichana wa Meru mjini, kwa kuigiza mama anayemlilia mtoto wake kaburini. Kipande chake kikaonyeshwa. Cicily alifungua mdomo, kilio kikatoka, na watu wote hotelini wakageuka kumtazama Ciakuthii. Walikijua kilio kile. Walikisikia kwa masikio yao miaka miwili nyuma, siku ya kumzika Igoki, binti yake wa miaka tisa aliyeuawa na homa.

Juma lile la mazishi ndipo watu wa televisheni walipokuja Ishiara kurekodi tamthilia yao. Cicily alishindwa kulia. Alijaribu toka asubuhi mpaka jua la utosi, wapi. Mwelekezi akasikia kuna mama aliyefiwa hapo karibu, akamwendea, akamwomba kwa adabu awaazime kilio chake kwa siku moja tu. Ciakuthii alimtazama yule msichana akitetemeka juani, akamwonea huruma, akakubali. Kilio kilikuwa kikiita "Igoki", kwa hiyo wakabadilisha jina la mtoto katika hadithi yao. Jioni walifunga mitambo, wakamwachia Ciakuthii fulana, wakaondoka bila kumrudishia kilio. Tangu siku hiyo hakuweza kulia. Hata kitunguu hakikumtoa chozi, wala moshi wa kuni mbichi.

Mutegi alipunguza sauti ya televisheni. "Mama Igoki, wewe unaonaje hiyo matokeo?"

"Huyo msichana ameshinda vizuri," alisema Ciakuthii. "Amesimama vizuri, hata mikono ameiweka vizuri. Lakini hiyo kilio ni yangu. Nilimwazima, sikumpea."

Kwenye skrini, Cicily alimshukuru Mungu, mwelekezi na wazazi wake. Ishiara hakuitaja.

Mbae hakuwa mtu wa hasira. Wiki ile alichukua kalamu, akawaandikia watu wa televisheni kwa mwandiko aliofundishwa shule ya misheni kwamba mke wake ameyapokea matokeo kwa furaha, na anachoomba ni kurudishiwa kilio watakapokuwa wamemaliza nacho. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Liliwashukuru kwa kuwa watazamaji waaminifu, likaeleza kwamba sauti yoyote iliyorekodiwa ni mali ya stesheni, na kwamba uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Mbae aliisoma ile barua mara mbili.

"Wamesemaje?" Ciakuthii akauliza.

"Wamesema ahsante."

Mwaka uliofuata Mbae alianguka shambani akivuna mtama, akakata roho kabla ya kufikishwa Embu hospitalini. Ciakuthii alituma ujumbe kwa Cicily, naye akaja siku ya mazishi, amevaa nguo nyeusi, mkoba mkononi. Alisimama mlangoni kama mtu asiyejua kama atakaribishwa.

"Mama, kama kungekuwa na njia ningekurudishia," alisema. "Mwezi wa nne nilizika baba yangu. Nilifungua mdomo nimlilie, nikamwita Igoki."

"Najua, mwanangu. Njoo unililie mzee."

Kaburini Ciakuthii alimshikia mkoba. Pasta alipomaliza sala, Cicily alipiga magoti kwenye udongo, akalia. Kilio kilitoka chote, kikamwita Igoki mara nne, na Mbae akateremshwa akililiwa kwa jina la binti yake. Pasta alingoja mpaka kikaisha. Kina mama walikubaliana kwamba majaji hawakukosea. Ciakuthii alisimama pale macho makavu, ameinamisha kichwa, akisikiliza kama mtu anayesikia sauti ya mtu wake ikipita barabarani.

Wanaume waliposhika sepetu, alimwinua Cicily, akamfuta machozi kwa ncha ya leso, akamuuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Akampakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akakaa naye mpaka akamaliza sahani.

Saa tisa gari lilikuja kumchukua, maana kesho yake alikuwa na kazi ya kurekodi Nairobi. Cicily aliwaaga wafiwa mmoja mmoja, akamkumbatia Ciakuthii kwa muda mrefu, akaingia garini. Kilio alikwenda nacho.