Wajukuu Wapya wa Bibi Ngwali

Kisima cha mtaa wa kina Zuwena, Kilwa Kivinje, kilitoa maji ya kila siku na maji ya kumwogeshea bibi harusi. Haya ya harusi hayachotwi kimya. Lazima mtu apige hodi: "Hodi, Bibi Ngwali, mwanao anaolewa, tunaomba maji." Bibi Ngwali aliletwa pwani amefungwa kamba shingoni, akauzwa, na aliponyimwa maji kwenye kisima cha mabwana akachimba chake. Hodi hupigwa na wajukuu zake tu, na wajukuu haohao ndio hushuka kuzoa tope kabla ya kila harusi. Zuwena alianza kushuka tangu akiwa msichana, huku wenye mji wakicheka juu: watumwa wako kazini.

Sasa binti yake, Umi, anaolewa. Zuwena alitaka jambo moja: alitaje jina lile kwa sauti, mji mzima usikie.

Wiki hiyohiyo kamati ya tamasha la urithi ikasimika kibao: KISIMA CHA SULTANI.

"Mama Umi," alisema Mwenyekiti Abdulwahab, "Jumamosi tuna wageni na kamera zao. Usituaibishe na habari za watumwa. Piga hodi kwa Sultani."

"Sultani alishika jembe lini?"

"Aliamuru."

"Basi aje aamuru na tope litoke."

"Sisi ni Washirazi, mama, asili yetu Uajemi. Historia iwe na heshima. Ukimtaja huyo bibi yako, huchoti. Na kuanzia leo kuna mlinzi."

Babu yake Abdulwahab alitoka bara, Likawage, na mzigo wa mtama kichwani, mji mzima unajua. Lakini kila kamati ilipokaa, babu huyo alisogea kidogo kuelekea Uajemi. Sasa alikuwa karibu kufika.

Alhamisi wageni wakapiga simu. Masultani wamewaona wengi, walisema. Wao wanatafuta vizazi vya mateka, na kuna mradi wa fedha kwa ajili yao. Kabla ya alasiri kibao kilikuwa kimepakwa upya: KISIMA CHA BIBI NGWALI, BIBI YETU SOTE.

"Historia yenu ndiyo mteja wangu bora mwaka huu," Moiz wa dukani alimwambia Zuwena. "Rangi nyeupe imekwisha."

Jumamosi wajukuu wapya walijaa kisimani. Batuli, aliyemkataza mwanawe asimwoe Umi kwa sababu ya damu ya kitumwa, alikuwa mbele ya kamera akilia kwa ajili ya damu hiyohiyo. Abdulwahab, kanzu imenyooka, alishika kipaza sauti.

"Leo nitapiga hodi mimi, mjukuu mkubwa."

Sultani alimnyang'anya bibi jina tu; hawa wamembeba bibi mzima. Zuwena akachukua kamba na karai, akaviweka miguuni pa mwenyekiti.

"Karibu, ndugu yangu. Mpiga hodi huanza na tope. Mlinzi wako alinizuia, kwa hiyo lipo lote. Desturi unaijua, si ulikuwa unasimama hapo kucheka?"

"Vizuri sana!" alisema mgeni mmoja, akiinua kamera. "Tafadhali, shukeni."

Abdulwahab alichungulia. Harufu ikampokea.

"Mgongo wangu huu..." alisema.

Batuli akakumbuka ana chungu jikoni. Bwana mmoja akaeleza kwamba, kusema kweli, wao waliingia kwa bibi kwa njia ya ndoa tu. Mwingine hakueleza, aliondoka. Ukoo mkubwa kuliko zote Kivinje ulikwisha kabla karai halijalowa.

Zuwena alijifunga kanga, akashuka. Alizoa, Umi akavuta juu. Maji yalipoanza kujaa safi, akasimama katikati yake, tope limemganda hadi magotini.

"Hodi, Bibi Ngwali! Mwanao anaolewa!"

Jina liligonga kuta, likapanda hadi kwenye kipaza sauti ambacho mwenyekiti alikiacha ukingoni bila kukizima. Lilisikika mpaka sokoni. Wanawake wakapiga vigelegele.

Jumatatu Zuwena alikuwa dukani akinunua sabuni ya kutolea tope kwenye kanga. Abdulwahab akaingia, hakumtazama, akaomba kopo la rangi.

"Lipo, mwenyekiti," alisema Moiz. "Safari hii mnakuwa nani?"