Kitambaa Nisichokigusa

Hadithi ya kile kitambaa nimeisimulia kwa miaka arobaini, na sijawahi kuisimulia yote.

Niliisimulia kanisani kwetu Hasamba siku za shukrani ya mavuno. Niliisimulia kwenye harusi, kila nilipopewa nafasi ya kuwausia maharusi. Nilipotaka kuonyesha kwamba zamani watu walikuwa watu, niliitoa hiyo. Ilikuwa hivi. Mwaka 1983 nilikuwa karani wa duka la kijiji. Kazi hiyo sikuipata kwa undugu. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, katika madarasa ya jioni, nikitoka shambani na udongo kwenye kucha. Nilipofaulu nikanunua kamusi, nikawa najifunza maneno matano kila siku. Basi wakati huo nchi ilikuwa na shida. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha, lakini sabuni ilikuwa adimu, chumvi ni ya foleni na nguo ni za mgawo. Dukani kulikuwa na jora moja tu la marekani, ile pamba nyeupe nzito, nalo limebaki mita tano. Majina ya wenye zamu yalikuwa yamebandikwa mlangoni. Langu halikuwemo, kwa kuwa nilikuwa nimepata katika mgawo uliotangulia. Ufunguo wa duka ulikuwa shingoni mwangu.

"Siku hiyo nilikuwa na shida kuliko mtu yeyote aliyeandikwa pale mlangoni," ndivyo nilivyomalizia siku zote, "na kile kitambaa sikukigusa."

Watu walipiga makofi.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mke wangu Tusekile alianza kuvimba miguu. Daktari alisema moyo umechoka. Tukahamia Tunduma kwa binti yetu Pendo ili mama awe karibu na hospitali. Pendo anauza vitambaa. Chumba cha mbele cha nyumba yake ni duka, linatazama barabara ambako malori yanasubiri kuvuka mpaka, na majora yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Mama yake aliwekewa kiti cha mto katika chumba cha nyuma, mlango ukaachwa wazi ili asikie watu wakinunua. Alipenda kusikia watu.

Mimi Tunduma siipendi. Vumbi, honi, na watoto wa shule wanaonipita kama vile nimepandwa pale. Siku moja nikamwambia Pendo, "Zamani ungeacha duka wazi, ukaenda kisimani, ukarudi ukakuta kila kitu."

"Baba, ungekuta kila kitu kwa sababu hakukuwa na kitu."

Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa anachagua vitenge alicheka mpaka akashika kaunta.

"Tulikuwa na heshima," nikasema.

"Na magunia je? Si mlikuwa mnavaa magunia kwenda kulima? Mama ameniambia."

"Lakini tulikuwa sawa wote."

"Ndiyo, wote uchi," alisema Pendo, akaendelea kupima kitenge chake.

Nilikasirika, nikaenda kukaa na mke wangu. Alikuwa anatazama majora.

Jumamosi iliyofuata alikuja Barnaba, mzee wa kanisa letu, kumwona mgonjwa. Barnaba ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, na alihamia Hasamba baada ya miaka ile ya shida, lakini anaipenda zamani kama mimi. Alipokwisha kuomba, tukanywa chai, tukalaumu bei ya kahawa na vijana wanaokimbilia dhahabu kule Saza. Kisha akasema, "Mzee Eliakim, hebu nikumbushe ile ya kitambaa." Nikaisimulia mpaka mwisho wake, kama kawaida.

"Malizia, Baba Pendo," mke wangu akasema.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Shida yenyewe ilikuwa nini? Barnaba hajui. Mwambie."

Nikasema shida za siku zile zilikuwa nyingi. Nikamuuliza Barnaba habari za mvua.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Tumpale. Alikuwa msichana wa miaka minne, anayeimba hata akiwa anatafuna. Surua ilipita kijijini ikawachukua watoto sita, na yeye alikuwa wa tatu. Mama yake alikuwa na nguo mbili tu, ile aliyoivaa na kitenge cha kijani alichotoka nacho kwao Mbebe alipoolewa. Tulimzika mtoto ndani ya kile kitenge. Kwa nusu mwaka baada ya hapo Tusekile aliishi na nguo moja. Alikuwa akiifua asubuhi, anakaa ndani amejifunika blanketi mpaka ikauke. Watu walikuwa wakimwita Mama Tumpale. Pendo alipozaliwa mimi ndiye niliyeanza kumwita Mama Pendo, na watu wakanifuata. Nilidhani namsaidia.

Barnaba alipoondoka, mke wangu aliniambia nikae chini.

"Unafikiri nakulaumu kwa kuwa hukuiba? Sijawahi. Duka lilikuwa la watu."

"Sasa unalaumu nini?"

"Hezron."

Hezron alikuwa jirani yetu, na jina lake lilikuwa la kwanza pale mlangoni. Asubuhi ile alifika kupitia uani, jembe begani, anakwenda kuchimba kaburi la mwanangu bila kuitwa na mtu. Akasema, "Ndugu yangu, zamu yangu mchukulie mtoto. Mimi na mke wangu Ketrina tutangoja mgawo mwingine." Nikamwambia hapana, mikono ya karani lazima iwe safi. Akasema, "Siyo wewe unayechukua. Ni mimi ninayetoa." Nikasema hapana mara ya pili. Akanitazama, kisha akaenda kuchimba.

Nilichokifikiria dakika ile sikupata kukiandika popote mpaka leo. Niliwaona watu wakinong'ona kwamba karani amepata tena. Na zaidi ya hilo, Hezron hakujua kusoma. Kila mgawo nilimshika mkono nikamwonyesha mahali pa kuweka dole gumba. Sikutaka mtu wa dole gumba anisaidie kumvika mwanangu.

"Nani alikuambia?" nikamuuliza mke wangu.

"Ketrina mwenyewe. Tulikuwa kisimani, wiki ileile."

Kwa hiyo alijua. Miaka arobaini na moja alikuwa ameketi benchi la mbele, ananisikiliza nikipigiwa makofi, anakaza kilemba chake.

"Nataka mambo mawili," akasema. "Uninunulie mita mbili za nguo nyeupe. Usimwombe Pendo. Ununue wewe, ukate kwa mkono wako. Nitakwenda nayo kwa mtoto."

"Mama Pendo, mtoto yuko mbinguni. Hana haja ya nguo."

"Kama hana haja nitajifunika mimi. La pili, umalizie ile hadithi. Mbele ya watu, kama ulivyozoea."

Nilikaa siku tisa bila kufanya lolote. Nilijiambia kwamba ni maneno ya ugonjwa. Nilijiambia pia kwamba mafundisho ya kanisa hayasemi hivyo. Yeye hakurudia. Kila nilipoingia chumbani aliangalia mikono yangu kwanza, kisha uso.

Siku ya kumi nilivuka barabara, nikaingia katika duka la dada mmoja anayeitwa Eva.

"Shikamoo mzee wangu. Mita ngapi?"

"Mbili, ile nyeupe."

"Mbili tu? Chukua tano nikupunguzie."

"Mbili zinatosha. Naomba nikate mwenyewe."

Akacheka, "Babu unataka kunipokonya kazi?" lakini akanipa mkasi. Ukingo ukaenda upande. Sikukaa mle hata dakika tano. Hapakuwa na foleni wala orodha mlangoni, na hakuna aliyeniuliza nina shida gani.

Tusekile aliiweka nguo mapajani, akaipima kwa mkono, kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole. Aliipima mara mbili.

"Ingemzunguka ikabaki," alisema. "Alikuwa mdogo sana." Kisha akaikunja. "Asante. Nguo siku hizi ni rahisi. Bado lile la pili."

"Jumapili Barnaba atakuja na wazee. Nitasema."

"Haya. Jumapili."

Alifariki Ijumaa, saa sita mchana, Pendo akiwa mbele anahudumia wateja.

Tulimrudisha Hasamba. Nitasema ukweli, na hili pia ni kweli: zamani nisingemwita mtu. Safari hii Pendo alishika simu asubuhi nzima kuwatafuta wachimbaji wa kaburi, na watu wengi tuliowategemea walituma pole kwa ujumbe. Viti vilikodiwa, na spika kubwa ikaletwa. Kile kitambaa nilikiweka mwenyewe ndani ya jeneza, chini ya mikono yake. Pendo aliniuliza ni cha nini. Nikamwambia atasikia.

Barnaba alinipa kipaza sauti. "Mzee wetu yuko katika majonzi," alitangaza, "lakini kabla hajamuaga mwenzake, naomba awasimulie vijana ile ya kitambaa, wajue wazazi hawa walikuwa watu wa namna gani."

Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, na duka, na jora, na ufunguo shingoni. Nilipofika mahali pa makofi, wengine walikwisha kuinua mikono. Nikawaambia wangoje. Nikalitaja jina la Tumpale. Nikaeleza habari za kitenge cha kijani. Kisha nikasimulia jinsi Hezron alivyokuja na jembe, alichosema, nilichomjibu, na kwa nini. Sauti ya spika ilikuwa kubwa mno. Nilisikia maneno yangu yakirudi kutoka mashamba ya kahawa upande wa pili.

Hakuna aliyepiga makofi. Pendo alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Alijua kwamba kulikuwa na mtoto kabla yake. Mengine hakuyajua.

Hezron amekufa zamani. Ketrina yupo, anatembea kwa fimbo. Alinyanyuka kwenye kiti, akaja mpaka niliposimama, akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu na watu wote walisikia.

"Tulijua, shemeji. Rika letu lote tulijua."

"Mbona hamkusema? Miaka yote hii mnanipigia makofi."

"Tungesemaje? Ulikuwa umefiwa."

Nikamuuliza kama Hezron alikipata kile kitambaa zamu yake ilipofika.

"Alikipata. Wewe mwenyewe ndiye uliyempimia. Hakukishona. Alisema kina mwenyewe, siku moja atakuja kukitaka. Kikakaa sandukuni mpaka panya wakakila."

Tukamzika Tusekile kando ya kaburi dogo.

Siku ya tatu nilikwenda pale na Pendo. Fundi alikuwa ameandika kwenye msalaba: Tusekile, Mama Pendo. Nilikuwa nimeomba rangi nyeusi na brashi nyembamba. Pendo alinishikia kopo.

"Baba," alisema, "sasa zamani ilikuwa bora au haikuwa?"

Hakuwa anatania. Nilitafuta jibu la mtu aliyesoma, nikalikosa.

"Kulikuwa na Hezron," nikamwambia.

Nikapiga magoti, nikaandika Mama Tumpale juu ya jina lile jingine. Fundi hakuwa ameacha nafasi, kwa hiyo herufi zilibanana, na mbili za mwisho nikaziandika ndogo kama za mtu anayejifunza.