Gari Lisilo na Klachi

Zilpa, jirani yangu, ndiye aliyeniambia kwanza, jana, vidole vyake bado vina unga wa mandazi, mama njoo, lile gari lisilo na klachi limemrukia mzee wako, nami nikauliza swali la kijinga, gari linarukaje... na sasa ni asubuhi, gari liko palepale kwenye yadi, mdomo wazi, walilisukuma nyuma hadi kwenye jiwe ili wamtoe ukutani, hakuna aliyeligusa tena, damu imekauka kwenye bampa, na wanaume wa malori wamemtoa Emojong, mwanagenzi wa mzee wangu, katika stoo ya matairi, wamemfunga mikono kwa kamba ya turubai, na Protus, shemeji yangu, ana spana ya magurudumu, anampiga nayo mgongoni, sauti ni kama mtu anayepiga godoro lililoloa, "Sema! Uliwasha makusudi!" na Emojong anasema, "Boss, yeye ndiye alisema washa, mimi nikawasha tu," pa, tena, na Wilkista anashtuka mgongoni mwangu kila pigo, nyamaza mwanangu, nyamaza... wanasema yeye na Baba Wilkista walikuwa wamegombana, ni kweli waligombana, Emojong alitaka kwenda Tororo afungue gereji yake, lakini juzi huyo huyo alikula kwetu, akambeba Wilkista mabegani, na jana hata mimi nilitaka kumng'oa macho kwa kucha zangu... "Mwekeni ukutani," taniboi mmoja, utingo wa lori, anacheka, "tuwashe na sisi, aonje utamu!" wanacheka wote, askari atatoka Busia mchana, hawa hawatangoja mchana, jino la Emojong limeanguka kwenye mchanga wenye oili, jeupe sana... gari linarukaje, Baba Wilkista mwenyewe aliniambia tukila kwamba haliwezi, lina swichi ndogo kwenye gia, swichi inajua mkono wa gia uko wapi, mkono ukiwa kwenye gia swichi inakata moto, ufunguo unazunguka bure, "Ni akili ya Wazungu, Mama Wilkista," alisema, "lakini hii swichi imekufa, mkono uko mahali pake na gari bado halijibu," na jana nilipompelekea ugali alikuwa ameinama mbele ya injini, amechukua kipande cha shaba, ameunganisha nyaya mbili za swichi, gari likawaka, akapiga makofi kama mtoto, kumbe ugonjwa uko hapa! akalizima, akavuta mkono kwenye gia kama anavyofanya na malori yote, hapa ni mteremko wa kwenda mtoni, mpakani, ukizima unaacha kwenye gia, unatia jiwe nyuma ya gurudumu, "Lisije likavuka Uganda bila pasi," akasema, nami nikacheka, nikabeba kikapu changu nikaenda... na ile shaba? Shaba hakuitoa. Alikula, akanawa, akarudi mbele ya injini, boneti imesimama kati yake na Emojong, akaita washa, na swichi haikuwa na la kusema, shaba ilikuwa inasema badala yake... "Mwueni tu!" mmoja anapiga kelele, Protus anageuza spana, sasa anatafuta kichwa... na jana usiku hospitalini miguu ya Baba Wilkista ilikuwa imefungwa kwenye mbao, Protus akamwuliza, ni Emojong? akafumba macho, kisha Protus alipotoka akanishika kifundo cha mkono akaminya hadi mfupa ukauma, akasema, usitaje ile shaba, umesikia, usitaje, fundi aliyejivunja mwenyewe nani atamletea gari tena... alijua, basi, alifumba macho akijua, na mimi tangu niolewe sijanyanyua sauti mbele ya wanaume, hata jina la mume wangu sijawahi kulitamka, mke hatamki, ni Baba Wilkista, na kabla ya huyu mtoto alikuwa mwenye nyumba tu... damu inamtoka Emojong sikioni. Nimefungua leso, nimempa Zilpa mtoto, "Mama, unakwenda wapi?" sijui, miguu inakwenda, "Ondokeni mbele ya gari," sauti yangu ni ndogo, hakuna anayesikia, nimeingia garini, kiti kinanuka jasho la Baba Wilkista, mkono wa gia uko vilevile alivyouacha, nimezungusha ufunguo... likaruka, Mungu wangu, likaruka kama ng'ombe aliyechomwa, likaupiga ukuta, matofali yakamwagika juu ya injini, mdomo wangu ukagonga usukani, nikaonja damu, nikazima. Nikashuka, nikaing'oa shaba, iliniunguza vidole, nikarudi ndani, mkono wa gia sikuugusa, nikazungusha ufunguo mara ya pili. Halikujibu. Hata mlio mdogo halikutoa. Protus alikuwa bado ameinua spana juu ya kichwa cha Emojong, anaitazama ile shaba kwenye kiganja changu. "Shemeji," akasema polepole, "hiyo aliiweka nani?" nikameza damu, nikawatazama wanaume wote wa malori usoni, nikasema, "Okwara."